Mke Mwenza wa Bibi

Harufu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, inayochemka na karanga hunikunjisha uso mpaka leo. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Kambarage aliinjika sufuria yake uani tangu asubuhi, na harufu ikapanda ukuta ikaingia kwangu bila hodi. Watoto wangu walinusa wakashangilia. Mimi nilifunga madirisha, na joto lote lile la Shinyanga, nikawaambia wasithubutu kwenda kuomba. Mume wangu akaniuliza michembe imenikosea nini. Nilimjibu kwamba michembe haijanikosea, watu ndio walionikosea, akaliacha hapo kwa sababu anaujua mdomo wangu.

Basi leo nitasema. Wenzangu wa rika langu mliolelewa na bibi, mnapenda kuwasimulia bibi zenu kwa sukari nyingi: hadithi jioni, mahindi ya kuchoma, kulala mgongo kwa mgongo kwenye kitanda cha kamba. Mimi pia nilikuwa na bibi wa namna hiyo, kwa muda. Halafu nikawa na bibi mwingine ndani ya mwili uleule, na watu wazima wote wa ukoo wetu hawakuona tofauti. Hawakuona kwa sababu walikuwa wanacheka.

Kwetu, babu na mjukuu wa kike ni mtu na mkewe kwa mdomo, na bibi ndiye mke mkubwa mwenye wivu. Hakuna anayekufundisha, unakua unaukuta utani huo nyumbani kama unavyokuta mafiga. Nilipokuwa mdogo na wazazi wangu wakinipeleka kijijini, nje kidogo ya Mhunze, babu alinipokea kwa kelele: "Mke wangu mdogo amefika! Leo nitakula vizuri." Bibi naye alitoka jikoni na mwiko mkononi, uso ameukunja hasa. "Wewe mwanamke, huchoki? Umekuja tena kunipokonya mume?" Kazi yangu ilikuwa kujibu. Nilijibu kwamba mume amenichagua mimi kwa kuwa nina meno yote, uwanja mzima ukaangua kicheko, na bibi akanikamata akanifinya mashavu, kisha akanimiminia maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu chake. Kijiji kizima kilinijua kwa jina la Mke Mwenza. Kabula, jina langu lenyewe, lilibaki la shuleni.

Babu alipofariki, watu wazima walikaa kikao juu ya bibi. Wazazi wangu walikuwa machimboni huko Geita, baba akishuka mashimoni na mama akiwapikia wachimbaji. Baba alitaka kumchukua bibi aende kukaa nao, bibi akakataa. Shangazi Holo, dada yake baba, aliyekuwa na duka Mhunze, alitaka kumhamishia kwake. Hapo bibi alikataa kwa hasira kabisa. Alisema ana miguu yake, ana kuku wake, ana kaburi la mume wake, na anayetaka kumhamisha aje na jeneza. Walipotaka kumletea binti wa kazi, alisema hataki mtu wa kumchungulia chunguni. Ndipo shangazi akapata wazo lililowafurahisha wote.

"Tumpelekee mke mwenza wake," alisema. "Huyo hawezi kumkataa."

Walicheka sana. Nguo zangu zikatiwa kwenye mfuko wa rambo, nikahamishwa shule nikiwa darasa la tatu, nikawa msaada wa bibi. Sikuulizwa, na sikuona ubaya. Nilikuwa naenda kwa mtu aliyenipenda kuliko wote.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri, lazima niwe mkweli. Bibi alinifundisha kumenya viazi vitamu na kuvikata vipande vyembamba, tukavianika juu ya mwamba nyuma ya nyumba, nikakaa kuwafukuza mbuzi wa watu kwa fimbo. Mwamba ulikuwa unaunguza nyayo. Vipande vilijikunja, vikakauka, vikatoa harufu tamu ya unga na vumbi, na bibi alivionja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jioni alinipaka samli miguuni kwa sababu ya ukavu wa udongo wetu. Alinukia moshi na ugoro, na mimi nililala fofofo.

Kisha vitu vikaanza kupotea na kuzidi. Chumvi ilizidi: aliitia, akageuka, akaitia tena, mpaka mlenda ukawa hauliki, naye akanilaumu mimi. Kisu kilipotea, nikakikuta ndani ya mto. Aliniuliza kama kuku wamefungiwa, nikamwambia ndiyo, akaniuliza tena kabla sijakaa. Niliona ni uzee. Kila mtu aliniambia uzee ndivyo ulivyo, tena waliniambia kwa furaha kama wanaosifia mavuno.

Siku moja alasiri, wakati ng'ombe wa jirani wanarudi na vumbi lao, bibi alisimama kwenye ua akaniita. "Wewe mwanamke. Mume wangu yuko wapi?"

Nilifurahi. Tangu msiba, utani wetu ulikuwa umepoa, nami nikadhani umerudi. Nikashika kiuno kama nilivyozoea, nikamjibu kwamba mume yuko kwangu, nimempikia kuku, ameshiba, amelala. Bibi alinitazama, akaingia ndani. Kesho yake akaniuliza tena, nami nikaongeza chumvi: nimemchinjia mbuzi, nimemtandikia shuka jipya, amesema hataki kurudi kwa mwanamke asiye na meno. Niliyatunga majibu yangu njiani kutoka shule, nikiona fahari kwamba safari hii nimemweza bibi mpaka hana la kujibu. Siku ya tatu au ya nne alinichapa kofi kabla sijamaliza kucheka.

"Mrudishe," alisema. "Mrudishe mume wangu, mchawi wee."

Sijilaumu kwa majibu yale, na sitaki mtu yeyote anilaumu. Mchezo nilifundishwa na wao, na sheria zake waliziweka wao. Mtoto wa darasa la tatu angejuaje kwamba mwenzake ameshatoka mchezoni? Mama Jilala, jirani yetu, alikuwa anapita na ndoo kichwani. Aliliona kofi, akasimama akacheka mpaka maji yakamwagika mabegani. "Leo mayu amechachamaa," alisema, akimwita bibi mama kwa Kisukuma. "Mke Mwenza, kimbia, utanyolewa nywele!" Nikakimbilia nyuma ya nyumba, na huko nikalia peke yangu, nikiamini kwamba nimeshindwa utani. Niliwaza kwamba kuna jibu moja zuri ambalo sijalijua, na nikilipata bibi atacheka na mambo yatarudi kama zamani.

Baada ya hapo akakataa chakula changu. Nilisonga ugali, nikaweka mlenda na dagaa, nikapiga goti kumnawisha, naye akaivuta mikono yake. "Siwezi kula mkono wa mke mwenza," alisema. Akainuka akaenda kujipikia. Alibandika chungu bila maji, akakaa kando anakiangalia, mpaka kikapasuka. Nilipotaka kusaidia, alinitisha kwa kijinga cha moto. Alikataa maji ya kuoga niliyochota, akisema nimeyatia dawa. Alivaa gauni lilelile, na juu yake koti la babu, katika jua la kwetu Kishapu ambalo hata mbwa wanalikimbia. Wanawake jirani walipomwendea wamsaidie kufua, aliwaambia wametumwa na yule mwanamke, na akaninyooshea mimi kidole. Nao walirudi makwao wakishika mbavu. Habari ya bibi na mke mwenza wake ilifika mnadani, ikafika kanisani. Watu nisiowajua walinisimamisha njiani: "Vipi, umemwachia mwenzako mume hata kwa siku moja?"

Wakati huo mashavu ya bibi yalikuwa yamebonyea. Nilimwona mchana akila unga mbichi kwa kiganja, amenigeuzia mgongo. Nilikuwa naogopa, lakini sikujua jina la ninachokiogopa.

Nilimwomba Mama Jilala anipigie baba. Yeye ndiye aliyekuwa na simu iliyokaa na chaji, na tulisimama juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya kwake kutafuta mtandao. Nyuma ya sauti ya baba kulikuwa na ngurumo za mashine za kusaga mawe.

"Shikamoo baba. Bibi hali."

"Marahaba. Hali nini?"

"Hali chakula changu. Anasema mimi mke mwenza wake, nimemficha babu."

Baba alicheka. Nakumbuka kicheko chake kilivyokatikakatika kwenye ile simu. "Sasa si kweli? Mjibu! Mwambie babu amesema anakupenda wewe."

"Baba, amenipiga."

"Mama yangu huyo, bado ana nguvu," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyepewa habari njema. Akamweleza mwenzake aliye kando yake, nao wakacheka wawili. Halafu mtandao ukakata.

Mama Jilala aliniona ninavyolia pale juu ya kichuguu, na nadhani hapo ndipo kicheko kilimwisha kidogo. Alinikalisha chini akanieleza jambo ambalo hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kunieleza. Kumbe babu aliwahi kuoa mke wa pili kweli. Alikuwa msichana kutoka upande wa Ushirombo, akaletwa kwenye ua uleule, akapewa nyumba ambayo sasa ilikuwa kifusi tu, kile nilichokuwa nachezea uani. Bibi wakati huo alikuwa na mtoto mchanga, kaka yao baba na shangazi. Siku moja bibi alikwenda kuchuma pamba, mtoto akabaki kwa mke mdogo, akanyweshwa uji, na jioni akaharisha, hakuamka. Labda ilikuwa maji, labda homa, nani ajuaye. Bibi aliamini ni uji. Mke mdogo aliondoka msimu ule ule, na bibi hakulitaja jina lake tena. "Ila wakikutania wewe," Mama Jilala alisema, "sisi wakubwa tulikuwa tunajua. Tulikuwa tunasema, afadhali mayu ameweza kulicheka lile."

Kwa hiyo walijua. Baba alijua, shangazi alijua. Miaka yote ile waliyokuwa wananisukuma mbele ya bibi nimjibu jeuri, walijua kidonda kiko wapi, wakaona kimepona kwa sababu mwenyewe alikuwa anacheka.

Leo ukimpeleka mzee wa namna hiyo hospitali, watakuuliza maswali, watamwambia achore saa, watakuambia kuna ugonjwa unaokula kumbukumbu za karibuni na kuacha za zamani. Bibi hakupimwa na mtu yeyote, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini nimeshawaona wengine wenye ugonjwa huo, na nikiwaona namwona yeye. Wakati ule nilichoelewa ni kimoja tu: bibi hanitanii. Bibi ananiogopa. Alikuwa mtu mzima ninayempenda, amekondeana, na ananiogopa mimi niliyekuwa namfika kiunoni.

Nikaamua kuwa mke mdogo kweli. Akili ya mtoto haina haya. Niliwahi kuona kwa jirani mwenye wake wawili jinsi mdogo alivyokuwa akimwendea mkubwa: kwa magoti, macho chini, chakula akikionja mbele yake kabla ya kukiweka. Kesho yake nilichemsha michembe na karanga kwa sababu ndiyo aliyoipenda kuliko vyote, nikajitanda kitenge kichwani kama mwanamke, nikamfuata alipokaa kivulini.

"Shikamoo, mke mkubwa," nilisema.

Alishtuka. Kisha akanyoosha mgongo. "Marahaba."

Nikachukua kipande, nikakitafuna, nikameza. Akaniambia nifungue mdomo. Nikafungua. Aliuchungulia kwa makini, akageuza bakuli, akaonyesha kipande cha upande mwingine. "Na hiki." Nikala na hicho. Akasubiri, akiniangalia kama nitaanguka. Kuku walikuwa wanaparura, jua lilikuwa linasogea kwenye miguu yetu. Mwisho akanyoosha mkono wake wenye mifupa, akachukua kipande, akala. Akala kingine. Alikula mpaka akalamba vidole, na mimi nikainamisha uso ili asione machozi, maana mke mdogo halii mbele ya mkubwa bila sababu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kila chakula nilikionja kwanza, maji niliyanywa kwanza, hata maji ya kuoga nilijimwagia mimi kwanza kwenye mkono. Ili akubali kubadilisha gauni, nilimwambia mume amesema mke mkubwa apendeze. Alirudisha mwili kidogo. Jioni alinifundisha namna ya kumtunza babu: hapendi maziwa yaliyotikiswa sana, ukimwona anakuna shingo ujue amekasirika, usimwulize habari ya ng'ombe kabla hajala. Alinifundisha kwa sauti kavu, ya mtu aliyelazimika kugawana. Nilijifunza mambo ya babu ambayo hakuna mjukuu anayeyajua. Nilichokikosa ni kimoja: hakuniita mjukuu wangu hata mara moja. Nilikuwa nimempata akala, nikampoteza akiwa mbele yangu, na kila siku nikimpelekea bakuli nilikuwa naomba moyoni kwamba leo aliite jina langu. Hakuliita.

Shangazi Holo alikuja baada ya mavuno ya pamba, amepanda bodaboda, na sukari na sabuni mkononi. Aliingia uani wakati ninaonja. Aliniona nimemeza, nafungua mdomo, na mama yake mzazi anasubiri na njaa.

"Yaani unakula kabla ya bibi yako?" alisema. "Mtoto gani wewe?"

"Shangazi, hali mpaka nionje. Anaogopa sumu."

"Sumu! Nani amekufundisha kutaja sumu kwenye nyumba hii?"

Alivunja fimbo kwenye ua wa minyaa. Nilichapwa mbele ya bibi, na bibi alikaa akiangalia, mikono mapajani, ametulia. "Mpige," alisema. "Ndivyo alivyo huyo."

Na hapo ndipo bibi alipofanya jambo lililonimaliza. Shangazi alipika mwenyewe, akamwandalia, na bibi akala chote bila kuonjewa. Alimsifu binti yake. Alimuuliza habari za dukani, akamuuliza mume wake kwa jina, akawauliza watoto mmoja mmoja, hakumkosea hata mmoja. Alisema "wabeja, ng'wanawane", yaani asante mwanangu, kila alipopewa kitu. Alikuwa yule bibi wa kwanza, mzima kabisa, kwa saa zilezile alizokuwepo shangazi. Nilikaa mlangoni na miguu inawaka, nikamtazama, nikaanza kujiuliza kama kweli mimi ndiye mwongo.

"Mama mzima kabisa," shangazi alimwambia Mama Jilala. "Tatizo ni huyu mtoto. Anamlia bibi yake chakula."

Mama Jilala hakusema yale aliyoniambia kwenye kichuguu. Nimekutana naye nikiwa mtu mzima, nikamwuliza kwa nini, akasema asingeweza kumweleza mtu habari za mama yake.

Shangazi aliamua kunichukua. Mama Jilala angepeleka sahani asubuhi na jioni, na bibi mwenyewe alikubali kwa kichwa, kwa upole, mbele ya watu. Nilimshika shangazi gauni nikamwambia bibi atakufa. Nililisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Alinipiga mdomoni kwa kumtabiria mama yake kifo.

Niliondoka na ule mfuko wangu wa rambo kichwani. Nilipofika kwenye njia, nyuma yangu nikasikia vigelegele. Niligeuka. Bibi alikuwa amesimama katikati ya uwanja wake, na koti la babu, kichwa amekirudisha nyuma, anapiga vigelegele kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Miaka mingi alikuwa ameingoja siku ile. Mke mwenza anaondoka, amebeba nguo zake, na mume amebaki nyumbani. Alianza kucheza, hatua fupifupi, akipunga mikono.

"Jamani, huyu bibi na utani wake!" shangazi alisema, akicheka huku akiniashiria nipande bodaboda. Majirani nao walicheka. Mama Jilala ndiye pekee aliyeingia ndani kwake.

Nilikaa Mhunze, nikauza chumvi na viberiti dukani kwa shangazi baada ya shule. Kila nilipouliza, niliambiwa bibi anakula vizuri, sahani zinarudi tupu. Zilirudi tupu kweli. Bibi alifariki kabla mvua hazijaanza, na wanawake walipoingia kumwandaa walisema amekuwa mwepesi mno, msichana mmoja tu alitosha kumnyanyua. Walipofagia chumba ili kupata nafasi ya kukaa waombolezaji, walikuta ugali nyuma ya kitanda, kwenye vibuyu, ndani ya mtungi, matonge kwa matonge yamekauka, mengine yameota ukungu, sisimizi wamejipanga. Kila alichopewa alishukuru, akafunga mlango, akakificha. Hapakuwa na mtu wa kumwonjea. Shangazi alilia sana alipoona yale matonge. Kisha akasema uzee ni kitu cha ajabu, wakayazoa na koleo.

Baba alifika kutoka Geita na gari lililojaa watu, wachimbaji wenzake, marafiki, pamoja na mama aliyenikumbatia akaniambia nimekua. Ng'ombe akachinjwa. Siku ya pili baada ya kuzika, kama ilivyo kwetu, kilio kikafika mahali pa kupunguzwa uzito, na hiyo ni kazi ya wajukuu. Wajukuu huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na maneno yake, watu wacheke, wapumue. Binamu zangu walijaribu, hawakuwa na kitu, walikuwa hawamjui. Mtu akapaza sauti: "Mke Mwenza yuko wapi? Yeye ndiye alikuwa anakaa naye!"

Nilisukumwa mbele. Walinivalisha lile koti la babu, likanifika miguuni, wakanipa fimbo. Uwanja ulikuwa umejaa, watu wamekaa mpaka kwenye ule mwamba wa kuanikia. Baba alikuwa mbele kabisa, macho mekundu, na shangazi kando yake.

Nilifikiri: sasa watanisikia. Wamenyamaza wote, wananitazama mimi. Sikuiga bibi wanayemjua. Nilikaa chini nikaivuta mikono yangu mbali na sahani ambayo haikuwepo. "Siwezi kula mkono wa mke mwenza," nilisema kwa sauti yake. Vicheko vikaanza. "Fungua mdomo nione kama umemeza." Wakacheka zaidi. Nikainuka, nikauliza mume wangu yuko wapi, nikawanyooshea kidole mmoja mmoja, nikamnyooshea baba. Nikala unga kwa kiganja, nimegeuka mgongo. Nikaficha tonge nyuma ya kitanda, nikasema wabeja, nikaficha lingine. Nilikuwa nalia waziwazi. Nilisema, "Nina njaa, ng'wanawane. Nina njaa na mmemwondoa aliyekuwa ananionjea." Nililisema mara mbili, nikimtazama shangazi usoni.

Walicheka wakaanguka. Wanawake walipigana mabega, mzee mmoja alipaliwa na maji. Baba, ambaye tangu afike alikuwa hajafungua mdomo, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa shati, akasema, "Mama yangu mtupu! Mama yangu huyuhuyu!" Walisema kilio changu ndicho kilichonoga kuliko vyote, maana hakuna aliyewahi kuona mtoto anayeigiza machozi namna ile.

Shangazi alikuja mbele akicheza, akanifunga kiunoni kitenge kipya, tuzo ya mtani aliyefanya vizuri. Akaniinamia sikioni akaniambia bibi huko aliko amefurahi. Nilikifungua kitenge pale pale mbele ya watu wote, nikamtupia miguuni. Alikiokota akanigeukia, akashika mbavu, akasema jamani huyu mtoto atatuua kwa vituko, na uwanja mzima ukacheka upya.